Nesi Anayeandika Dawa za Akili: Kalamu Kapewa na Nani?

Mlangoni mwa kliniki ya afya ya akili kule Minneapolis au Dallas, Marekani, utasoma jina la mtu, kisha mkia wa herufi: MSN, APRN, PMHNP-BC. Mgonjwa anasogea kaunta na kuuliza, "Huyu ni daktari au nesi?" Ni nesi. Ila ni nesi anayebaini ugonjwa, anayeandika dawa, anayeagiza vipimo vya damu na anayeweza kukaa na mgonjwa kwa tiba ya mazungumzo bila kumwita mtu mwingine.

Huo mkia wa herufi unatoka nyumba tatu tofauti. MSN ni shahada ya uzamili, nayo hutolewa na chuo kikuu. PMHNP-BC ni cheti cha ubobezi katika afya ya akili, nacho hutolewa na taasisi ya kitaifa kwa aliyefaulu mtihani wake. APRN ni leseni ya muuguzi wa ngazi ya juu, nayo hutolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Mkanganyiko mwingi kuhusu kazi hii, kwa wagonjwa na hata kwa manesi wanaotaka kuisomea, unatokana na kuzichanganya nyumba hizo. Chuo hakikupi leseni, na kufaulu mtihani hakukupi haki ya kuandika dawa. Kalamu iko mikononi mwa jimbo, na kila jimbo lina yake. Kuna majimbo yanayoikabidhi ikiwa na wino wote, na kuna mengine ambako chupa ya wino inabaki kwa daktari.

Tuwatenganishe kwanza manesi hawa na majirani zao. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesoma udaktari miaka 4 baada ya shahada ya kwanza, kisha ubingwa miaka 4 mingine. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo, lakini isipokuwa katika majimbo machache haandiki dawa. Mshauri nasaha na mtaalamu wa ustawi wa jamii hutibu kwa mazungumzo tu. Nesi wa wodi ya akili, yaani RN (muuguzi aliyesajiliwa), hutoa dawa iliyokwisha kuandikwa na mwingine, humwangalia mgonjwa usiku na mchana, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba hali imebadilika. Huyu tunayemzungumzia, PMHNP, alianza kama RN, akapanda. Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari na hakuna anayekasirika, lakini Marekani jambo hilo lina uzito wa kisheria. Hata mwenye shahada ya uzamivu ya uuguzi, katika majimbo kadhaa, anatakiwa kumweleza mgonjwa waziwazi kwamba yeye ni muuguzi.

Historia inasaidia kueleza kwa nini anabeba kazi mbili. Mwaka 1954 Hildegard Peplau alianzisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, programu ya kwanza ya shahada ya uzamili kwa wauguzi wabobezi wa magonjwa ya akili. Kwake yeye dawa kuu ilikuwa uhusiano wenyewe kati ya nesi na mgonjwa, kwa hiyo wanafunzi wake walikuwa watu wa mazungumzo. Mwaka 1965, kule Colorado, Loretta Ford pamoja na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mkondo mwingine: nesi anayepima mwili, anayebaini ugonjwa na kutibu. Mikondo hiyo miwili ilikwenda sambamba kwa miongo kadhaa. Mwaka 2008 yakafikiwa makubaliano ya kitaifa yaliyopanga wauguzi wa ngazi ya juu katika kazi 4 na makundi 6 ya wagonjwa, na afya ya akili ikawa moja ya makundi hayo. Baadaye mitihani ya zamani, ile ya wabobezi wa mkondo wa Peplau na ile ya PMHNP wa watu wazima peke yao, ikafungwa kwa watahiniwa wapya. Aliyekuwa nayo anahuisha tu. Leo cheti ni kimoja, cha umri wote, kuanzia mtoto hadi mzee wa miaka 90. Ndiyo maana PMHNP anadaiwa yote mawili, kujua figo na ini na pia kujua kukaa kimya mgonjwa anapolia.

Sasa njia yenyewe. Hatua ya kwanza ni kuwa RN wa Marekani, na hapa pana mtego unaowakuta hasa wale waliobobea mapema. Tathmini ya vyeti vya nje, inayofanywa na taasisi iliyojulikana kwa miaka mingi kama CGFNS, hutaka nesi wa jumla: awe amesoma nadharia na vitendo katika magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na akili. Mkenya mwenye KRCHN, stashahada ya Kenya ya uuguzi wa afya ya jamii, kwa kawaida anapita, kwa sababu stashahada hiyo inagusa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na akili. Lakini aliyesoma uuguzi wa akili peke yake, kama Mtanzania au Mkongo aliyehamia Uingereza akasajiliwa huko katika tawi la afya ya akili, anakwama. Uingereza huwagawa manesi tangu darasani katika matawi manne: watu wazima, watoto, ulemavu wa kujifunza na akili. Huyo anaweza kuwa na miaka 15 wodini na bado akaambiwa hana saa za uzazi wala za watoto. Ni uchungu, na mara nyingi inambidi arudi darasani kujaza pengo.

Pengo la namna nyingine linamkuta aliyefanya stashahada ya juu ya uuguzi wa akili Kenya, akapitia Mathari, hospitali iliyoanza mwaka 1910, au Mtanzania mwenye uzoefu wa Mirembe, Dodoma. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa na utamsaidia kila siku kazini. Hata hivyo haubadilishwi kuwa PMHNP. Hakuna daraja la moja kwa moja. Atafanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN, kama wengine na kuanza na leseni ya RN.

Hatua ya pili ni shahada. Mwenye stashahada hufanya kwanza programu fupi ya kumfikisha kwenye BSN, yaani shahada ya kwanza ya uuguzi, wengi wakiimaliza kwa mwaka mmoja hadi miwili huku wakifanya kazi. Kisha inafuata shahada ya uzamili yenye mkondo wa PMHNP, miaka 2 hadi 3. Aliyekwisha kuwa na uzamili wa mkondo mwingine, tuseme muuguzi wa familia, harudii yote. Anachukua cheti cha baada ya uzamili, na chuo hukagua masomo aliyopita ili asome yaliyobaki tu. Uvumi kwamba siku hizi lazima uzamivu si wa kweli kwa mkondo huu. Mwaka 2004 vyuo vya uuguzi vilipendekeza uzamivu uwe ndio mlango wa kuingilia ifikapo 2015. Pendekezo halikuwa sheria. Walioshurutishwa ni manesi wanaotoa dawa ya usingizi wakati wa upasuaji, na huenda uvumi ulianzia huko.

Usilipe ada kabla ya kukagua mambo matatu. La kwanza ni ithibati ya programu yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa halali huku programu ya uuguzi ikiwa haina ithibati, na bila hiyo hutaruhusiwa kukaa kwenye mtihani. La pili ni kama chuo hicho kinaruhusiwa kufundisha wanafunzi wanaoishi katika jimbo lako. Masomo ya mtandaoni yanawahadaa watu hapa. Chuo kiko jimbo moja, wewe uko lingine, na jimbo lako halitambui mafunzo yake ya vitendo. La tatu ni nani anayekutafutia msimamizi wa vitendo.

Hilo la tatu ndilo linalowavunja wengi. Mtihani wa ANCC, taasisi ya kitaifa inayotoa cheti cha PMHNP-BC, ambao ndio wa zamani na unaojulikana zaidi, unadai angalau saa 500 za vitendo chini ya usimamizi wa kitivo, na viwango vya kitaifa vya 2022 vilipandisha kima cha chini cha programu hadi saa 750 za kumhudumia mgonjwa ana kwa ana. Saa 750 ni siku 94 za saa 8. Vyuo vingi vya mtandaoni vinamwachia mwanafunzi kazi ya kumtafuta mtu wa kumsimamia siku hizo zote, na wasimamizi ni wachache kuliko wanafunzi. Mtu anaandika barua pepe 60 na kujibiwa 2. Wengine wanaishia kulipa mifukoni mwao. Hata akipatikana, lazima chuo na kliniki wasaini mkataba kwanza, na mkataba huo unaweza kukaa kwa mwanasheria wa hospitali mpaka muhula umepita. Anayeanza kutafuta mwezi mmoja kabla ya muhula amechelewa. Miezi sita si mingi.

Kuna kosa jingine la saa hizo, nalo huonekana baadaye. Mwanafunzi akipata kliniki moja ya uraibu anang'ang'ania hapo kwa saa zote, kwa sababu amechoka kutafuta. Cheti ni cha umri wote. Asiyewahi kumkabili mtoto wa miaka 7 anayepiga wenzake shuleni, wala bibi wa miaka 80 aliyebadilika ghafla usiku mmoja na kumbe ana maambukizi ya njia ya mkojo, atakutana nao kwa mara ya kwanza akiwa na leseni mkononi na hakuna wa kumwuliza. ANCC inataka pia mafunzo ya vitendo katika angalau njia mbili za tiba ya mazungumzo. Kwa maoni yetu hapa ndipo programu dhaifu zinapojificha, maana kwenye karatasi sanduku limetiwa tiki ilhali mwanafunzi ametazama tu mtu akiongeza dozi.

Darasani, masomo matatu hayakwepeki, nayo lazima yawe kozi kamili zinazojitegemea: fiziolojia na patholojia ya ngazi ya juu, uchunguzi wa mwili mzima, na famakolojia. Mtu akishangaa kwa nini nesi wa akili asikilize moyo kwa stetoskopu, jibu liko kwenye dawa zenyewe. Nyingi hugusa moyo, sukari, figo au tezi.

Baada ya shahada ni mtihani. ANCC ndiyo inayotoa ile "BC" ya mwishoni, na tangu 2024 AANPCB, taasisi nyingine ya vyeti, nayo imefungua mtihani wake wa PMHNP. Cheti cha ANCC hudumu miaka 5. Miongoni mwa masharti ya kuhuisha ni saa 75 za mafunzo endelevu, 25 kati yake zikiwa za dawa. Cheti kikifa, katika majimbo mengi leseni ya APRN inakifuata kaburini.

Ndipo tunafika kwenye nyumba ya tatu, jimbo. Zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu muuguzi wa ngazi ya juu kubaini ugonjwa na kuandika dawa bila mkataba na daktari. Mengine humpa uhuru huo baada ya kipindi cha uangalizi. Minnesota hudai saa 2,080 za kazi ya kushirikiana, yaani takriban mwaka mmoja wa kazi ya kutwa, na New York hudai saa 3,600. Texas iko upande wa pili. Huko PMHNP haandiki dawa bila mkataba wa maandishi na daktari, na dawa za daraja la pili, zile zinazodhibitiwa vikali, hawezi kuziandika kliniki ya kawaida, isipokuwa ndani ya hospitali au kwa wagonjwa wa huduma ya mwisho wa maisha.

Ona maana yake mezani. Mtoto wa miaka 9 ana tatizo la umakini, na dawa zinazotumika zaidi, methilfenideti na jamii ya amfetamini, ziko daraja la pili. Mjini St. Paul, Minnesota, nesi aliyekamilisha saa zake anazungumza na wazazi, anampima mtoto presha, uzito na urefu, anaandika dawa, basi. Houston, Texas, nesi yuleyule mwenye cheti kilekile anafanya kila kitu isipokuwa sahihi. Sahihi inasubiri daktari, na daktari akiwa likizo mtoto anasubiri pia. Mzazi aliyehamia Texas kutoka Minnesota hudhani nesi mpya hajui kazi.

Dawa zinazodhibitiwa zinahitaji pia namba ya DEA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia dawa hizo, na baadhi ya majimbo hudai kibali chao juu yake. Tangu Juni 2023 anayeomba au kuhuisha namba hiyo lazima athibitishe saa 8 za mafunzo kuhusu uraibu, mara moja tu. Kwa upande mwingine mambo yamelegea. Buprenofini, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini au fentanili, zamani ilihitaji kibali cha pekee. Sheria ya Desemba 2022 ilikiondoa, na sasa namba ya kawaida ya DEA inatosha, ilimradi jimbo limekubali.

Bado kuna bima. Hata mwenye leseni na DEA hawezi kulipwa mpaka kila kampuni ya bima imsajili, na usajili huo mara nyingi huchukua miezi kadhaa. Anayeacha kazi ya wodini siku alipopata leseni hukaa bila mshahara akishangaa. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipa huduma ya nesi huyu asilimia 85 ya ile anayolipwa daktari kwa kazi ileile.

Kazi yenyewe inaonekanaje? Ziara ya kwanza huwa takriban saa nzima, zinazofuata dakika 20 hadi 30. Katika hiyo saa ya kwanza anauliza usingizi, chakula, kazi, magonjwa ya mwili, dawa zote hata za mitishamba, pombe, historia ya ukoo, silaha nyumbani, na mawazo ya kujiua. Hilo la mwisho huulizwa kwa maneno ya wazi, na kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kwa watu wa kwetu kuna maswali ambayo fomu haina. Ukimwuliza mtu "unatumia dawa za kulevya?" atakataa kwa moyo mweupe, kisha umuulize "miraa unatafuna?" naye akajibu "ah, hiyo ndiyo." Miraa hukata usingizi, na kwa baadhi ya watu huleta shaka na kusikia sauti. Asipoulizwa, anaweza kuandikiwa dawa za skizofrenia kabla hajaacha majani. Vivyo hivyo kombe na maombi. Swali likija kwa heshima, mgonjwa atakueleza alikoanzia kabla ya kuja kwako.

Lugha ina hatari zake. Fomu ya PHQ-9 ya kupima sonona ina maswali 9 yenye alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa kwa makini. Imefasiriwa kwa Kiswahili. Lakini mama kutoka Uvira, Kongo, hasemi "nina sonona." Anasema "niko na mawazo mingi." Mkalimani aliye na haraka huitoa neno kwa neno, na kwa Kiingereza inasikika kama mtu ambaye fikra zinamkimbia kichwani, dalili ya mania, yaani msisimko uliopita kiasi. Nesi asiyeijua lugha anaandika "baipola," ugonjwa wa kuyumba kati ya mania na sonona, na dawa inafuata mkondo huo. Kumbe mama amelemewa na huzuni na wasiwasi juu ya watu aliowaacha. Swali la kutenganisha mambo hayo mawili ni rahisi: "Usipolala, asubuhi unakuwa umechoka?" Wa sonona atasema amechoka kufa. Wa mania hulala kwa muda wa saa mbili tu na kuamka na nguvu za kujenga nyumba. Kosa la upande mwingine ni baya zaidi. Mwenye baipola aliyefichika akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka moja kwa moja kwenye mania. Na mkalimani asiwe mtoto wa mgonjwa. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kumleta mkalimani bila malipo, kwa hiyo mgonjwa adai.

Tuitazame dawa moja kwa karibu, lithiamu, kwa sababu inaonyesha kwa nini kalamu hii haipewi mtu hivihivi. Ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na ndiyo yenye ushahidi bora wa kupunguza vifo vya kujiua kwa wenye baipola. Nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni nyembamba. Kabla ya kidonge cha kwanza nesi anaagiza kreatinini ya figo, homoni ya tezi, kalsiamu, kipimo cha ujauzito kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, na kipimo cha umeme wa moyo kwa mwenye umri mkubwa. Huanza na miligramu 300 mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku 5 hivi damu hupimwa, nayo ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Hapa ndipo makosa hutokea. Mgonjwa anameza saa 1 asubuhi kama kawaida, anafika maabara saa 4, namba inatoka juu, na mtu anapunguza dozi iliyokuwa sawa. Wiki tatu baadaye mania imerudi. Kwa hiyo maelekezo ni mafupi: siku ya kipimo, nenda kabla hujameza cha asubuhi.

Lengo la muda mrefu kwa kawaida ni 0.6 hadi 1.0 milimoli kwa lita, na kwenye mania kali huruhusiwa hadi 1.2. Ikivuka 1.5, sumu inaanza kuonekana: kuhara, mikono kutetemeka sana, ulimi mzito, kuyumba kama mlevi. Kinachoipandisha mara nyingi si mgonjwa kumeza zaidi, ni kitu alichopewa kwingine. Diklofenaki au ibuprofeni ya mgongo, lisinopril au losatani ya presha, vidonge vya kukojoza vya jamii ya haidroklorothiazaidi, vyote huifanya figo ibakize lithiamu. Paracetamol haina shida hiyo. Kuharisha, kutapika na jasho jingi kazini nako huipandisha.

Na Ramadhani. Kutwa bila maji, halafu chumvi na vinywaji vinabadilika usiku, si jambo la kumwachia mgonjwa wa lithiamu alitatue peke yake. Nesi makini huuliza mapema, mwezi wa Shaabani, kama ananuia kufunga. Hupima kiwango na figo kabla, huhamisha dozi yote baada ya futari inapowezekana, humwelekeza anywe maji kidogokidogo mpaka daku badala ya kubugia kwa mkupuo, hupima tena ndani ya mwezi, na humtajia dalili za kumfanya afungue mara moja. Kama hali yake bado si imara, humshauri asifunge, na imamu akishirikishwa mazungumzo huwa mepesi. Anayekatazwa tu, bila maelezo, mara nyingi hufunga kimyakimya na kuacha dawa.

Lamotrijini, dawa nyingine ya baipola, ina mtego wa namna yake. Hupandishwa polepole: miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2, kisha 100 kwa wiki, ndipo 200. Mgonjwa akiwa anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya baipola, dozi hizo hukatwa nusu. Haraka huleta upele unaoweza kugeuka kuchubuka ngozi na midomo, hali ya kuua. Mgonjwa aliyeikosa siku chache mfululizo asirudie 200 aliyozoea. Kanuni ni kwamba ikipita nusumaisha tano za dawa (nusumaisha ni muda wa dawa kupungua nusu mwilini), anaanza tena na 25, na kwa wengi hiyo ni takriban siku tano. Aliyesafiri Mombasa kwa harusi akasahau chupa Boston anahitaji kuambiwa hilo kabla hajapanda ndege.

Safari zinatuleta kwenye mipaka. Leseni hufuata mahali alipo mgonjwa wakati wa ziara, si alipo nesi. Mgonjwa wa Seattle akikupigia kwa video akiwa Nairobi, leseni yako ya Washington haimfikii, na famasia ya Nairobi haina sababu ya kuheshimu agizo lako. Dawa za kutosha zipangwe kabla. Mpaka mwingine ni wa kundi la wagonjwa: PMHNP hupima presha lakini hasimamii presha sugu, hupima sukari lakini hatibu kisukari. Kati yao kuna eneo la kijivu, kama metifomini, dawa ya kisukari, kwa mtu aliyeongezeka uzito kwa sababu ya olanzapini, dawa ya akili. Majimbo na waajiri hawakubaliani kila mara, na anayejua kazi huandika sababu yake kwenye faili au humpigia daktari wa familia. Kinyume chake ni kweli pia. Muuguzi wa familia anaweza kutibu sonona ya kawaida, lakini akijitangaza kuwa mtaalamu wa akili bila cheti hicho, bodi itamwita.

Kumzuia mgonjwa hospitalini bila ridhaa nako hutegemea jimbo. Florida, kwa mfano, nesi wa akili anayetimiza masharti ya sheria anaweza kusaini cheti cha kumpeleka mtu kuchunguzwa kwa hadi saa 72. Kwingine sheria haimpi nesi sahihi hiyo.

Mgonjwa anayetaka kumjua anayemtibu hahitaji kumwuliza kaunta. Bodi ya uuguzi ya kila jimbo ina ukurasa wa kutafuta leseni kwa jina, na Nursys, tovuti ya kukagua leseni za manesi, hufanya hivyo bure kwa majimbo mengi kwa pamoja. Tazama vitu vinne: kama leseni ya APRN ipo pamoja na ile ya RN, kama kundi lililoandikwa ni la afya ya akili, tarehe ya kuisha, na kama kuna hatua za nidhamu. Ukikuta RN peke yake, huyo haruhusiwi kukuandikia dawa, hata koti lake liwe jeupe namna gani.